Pangaboi Lenye Kutu

Jumanne, saa tisa na robo alasiri, Mzee Shekue aliweka mapangaboi mawili barazani. Moja lilikuwa jipya. Jingine lilikuwa na kutu, na likiwashwa lilinguruma kama mashine ya kusaga mahindi.

"Chagua la chumbani kwako," alimwambia mpangaji wake, Mwanakombo, ambaye joto la Tanga lilikuwa limemtoa vipele hadi kwenye kope. "Ila hilo jipya ni langu."

"Basi nimeshachagua, Mzee. Nifungie lenye kutu."

Mzee alicheka hadi kofia ikadondoka. Vyumba vyao vilitenganishwa na ukuta usiofika paani, kama ilivyo katika nyumba nyingi za zamani.

"Mzee hulaza kichwa upande gani?"

"Huu huu wa ukutani. Kwani vipi?"

"Nisije nikakukoromea sikioni."

"Wewe koroma utakavyo, mwanangu!"

Jioni Mwanakombo aliliwasha, akafunga mlango kwa ufunguo.

Asubuhi Mzee alimkuta uani akipiga mswaki. Macho ya Mzee yalikuwa mekundu, na mikononi alikumbatia lile pangaboi jipya.

"Nimegonga mlango usiku kucha! Umelalaje na radi ile?"

"Kama mtoto mchanga. Niachie lile lile, Mzee, nimeshalizoea."

"Thubutu! Utachukua hili, na nalifunga mwenyewe sasa hivi!"

Mwanakombo alinung'unika kidogo, kwa adabu, akamshikia ngazi. Pangaboi jipya lilipoanza kuzunguka kimya kimya, alikwenda nyuma ya pipa la maji kuchukua mkoba aliorudi nao alfajiri kutoka kwa shangazi yake, alikolala.