Kahawa ya Matanga ya Mzee Mbaruku

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, sisemi zamani za majini na masultani, nasema zamani ambayo baadhi yenu mlikuwa mmeshaota meno, palikuwa na mtaa ukiitwa Kisima cha Bibi. Na mtaa huo ulikuwa na mkaanga buni wake, Mzee Mbaruku. Siku zile kila mtaa ulikuwa na wake, kama ulivyokuwa na kinyozi wake. Leo mkitaka kahawa mnafungua kopo, mnachota kijiko, mnamimina maji ya moto, kwisha. Tena mnakunywa mmesimama. Haya, tuendelee.

Mzee Mbaruku alikaangia uani kwake. Ukuta wa ua ulikuwa mfupi, moshi ukapita juu yake na kuingia nyumba za watu bila hodi. Alikuwa na kaango la chuma, mwiko mrefu wa mbao na kigoda. Aligeuza, akageuza, akageuza. Buni ikianza kupasuka, ta, ta, ta, alinyamaza hata kama alikuwa katikati ya salamu. Ungemwambia nyumba yako inaungua, angekuinulia kidole usubiri kwanza.

Sasa shikeni desturi, maana bila desturi hadithi hii haina kichwa wala miguu.

Buni ya kila siku iliondolewa motoni ikiwa ya rangi ya kahawia. Buni ya harusi iliwahiwa mapema, ikanyunyiziwa iliki ingali na moto, na watoto wakiinusa tu walianza kuulizana ni harusi ya nani. Buni ya msiba iliachwa mpaka ikawa nyeusi na kutoka mafuta, haikutiwa iliki wala tangawizi, na moshi wake ulikuwa mzito wa kukaa kooni. Mtu yuko sokoni anapima mchele, anainua pua. "Inna lillahi. Nani tena?" Anafunga duka, anakuja. Na wanawake wa nyumba yenye msiba hawakuangua kilio mpaka kahawa inukie. Maiti amelala ndani, wao kanga vinywani, wanangoja. Kwanza kahawa, ndipo kilio.

Na akifa mkaanga buni mwenyewe? Hapo desturi ilikuwa ngumu zaidi. Atakayekaanga kahawa ya matanga yake, huyo ndiye mrithi wa kigoda, wa kaango na wa ua. Mkaanga buni hamtaji mrithi angali hai, kwa kuwa kumtaja ni kama kujiitia mauti. Na kahawa ile haikaangwi na watu wawili. Mwiko ni mmoja.

Nakumbuka harufu ile. Nikiikumbuka naona uchungu, na sioni haya kuwaambia.

Basi, Mzee Mbaruku alikuwa na watu watatu kazini. Wa kwanza alikuwa binti yake, Mwantumu, aliyekaa naye motoni. Wa pili alikuwa mpwa wake, Kibwana, mtoto wa dada yake Bi Mwanakheri, aliyechambua buni na kubeba magunia. Wa tatu alikuwa Shekue, si ndugu wa damu, mchuuzi aliyezunguka na birika mkono mmoja na vikombe mkono wa pili, akivigonganisha, ka-cha, ka-cha, watu wakajua kahawa inapita.

Kisha yakaja makopo. Yakaja na picha ya mwanamke anayecheka. Vijana wakahama barazani, wazee wakapungua kwa njia mnayoijua, na kazi ya Mzee Mbaruku ikaanza kukonda. Alikaanga nusu ya kaango. Akakaanga robo.

Kibwana akasema, "Mjomba, kazi hii inakufa hapa tunaiona. Mimi naenda mjini kwenye kiwanda cha kahawa, nikajifunze mashine."

Mzee akamwambia, "Mashine itakwambia nini? Ina pua?"

"Haina, mjomba. Lakini ina kazi."

Akaondoka. Mama yake, Bi Mwanakheri, akalia. Mzee hakulia, ila siku ile aliunguza buni, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Miaka ikapita, kifua cha Mzee kikajaa moshi aliouvuta maisha yake yote. Akashindwa kukaa motoni. Mwantumu akakaa kwenye kigoda. Asubuhi aligeuza buni, mchana alimgeuza baba yake kitandani. Wakaja wachumba, akawaambia wasubiri. Wakachoka kusubiri. Hata siku ambazo hapakuwa na mnunuzi, Mwantumu alikaanga konzi moja, ili mtaa uamke na harufu yake.

Shekue naye hakukaa. Wazee wa barazani walipopungua, alipeleka birika kwa mafundi wa gereji, akapeleka uwanja wa mpira, akapeleka langoni hospitali kwa watu waliokesha na wagonjwa. Vijana waliomcheka jana, kesho walimwita. Lakini mwaka mmoja wakulima wa bara waling'oa mibuni wakapanda vitu vingine, na buni ikaadimika. Birika lisingejaa. Basi Shekue, hivi hivi mnavyomwona mpole, akakaanga mahindi mpaka yakawa meusi, akayatwanga, akayachanganya na kahawa kidogo iliyokuwepo. Watu wakanywa, wakashukuru.

Akampelekea Mzee kikombe kwa kusahau. Mzee akaonja. Akasema, "Shekue, mahindi haya umeyakaanga vizuri sana."

Shekue akatamani ardhi ipasuke.

Ndipo Kibwana akarudi. Alirudi na mashine kwenye lori, na nyuma ya mashine magunia ya buni safi. Akaiweka kwenye chumba cha mtaani pale pale, akaifungia mlango, akaitia bomba refu la moshi. Mashine ikazunguka, buni ikatoka yote rangi moja, ikatiwa kwenye pakiti zilizoandikwa Kisima cha Bibi, ikaenda miji ambayo hamna hata shangazi huko. Na katika kila gunia alilonunua, Kibwana alitenga sehemu ya kaango la mjomba wake. Bila hivyo moto wa Mwantumu ungezimika mwaka ule ule.

Mzee akaitia mkononi buni ya mashine, akainusa. Akasema, "Si mbaya." Kibwana alitembea na maneno hayo mawili mwezi mzima.

Lakini sikilizeni. Siku moja Mwantumu alikuwa hospitali na baba yake, na nyuma yake akafariki jirani mmoja, Bi Sikudhani. Kahawa ya msiba lazima ikaangwe. Kibwana akasema, "Nipeni mimi." Akaikaanga kwenye mashine, nyeusi sawasawa, bila kosa. Ila bomba lake lilikuwa refu, likautupa moshi juu, upepo ukauchukua mashambani. Mtaa haukunusa kitu. Wachache walioitwa kwa mdomo wakaja, wakaswali, wakabeba jeneza. Na nyumba ya tatu kutoka hapo alikuwepo Bi Hidaya, shoga yake marehemu tangu utotoni, anatwanga kisamvu na kuimba. Jeneza likapita mlangoni kwake. Akatoka na mchi mkononi kuuliza ni nani.

Alipoambiwa hakupiga kelele. Alisema tu, "Sikudhani mmempitisha mlangoni kwangu, na mimi naimba?"

Kibwana alikuwa amesimama pale pale. Kesho yake alipanda juu ya paa na msumeno, akalikata bomba.

Tangu siku hiyo pua ya Bi Hidaya haikulala. Na ndiyo sababu ya haya ninayowaambia sasa, ambayo mkicheka sitawalaumu.

Mzee Mbaruku alizidiwa. Akaacha kula. Akaacha kusema, akaugeukia ukuta. Asubuhi moja Mwantumu yuko motoni na buni ya kila siku, akamsikia baba yake anakohoa kikohozi kibaya. Akatupa mwiko, akakimbilia ndani. Akamwinua, akamshika mgongo, akakaa naye hivyo mpaka kikatulia. Uani, kaango liko motoni peke yake. Buni ikawa nyeusi. Ikatoka mafuta. Moshi ukavuka ukuta.

Bi Hidaya akainua pua. "Mbaruku!" akasema. "Mbaruku ametutoka!"

Mtaa ukamiminika. Wanaume wakaja na majembe, wengine wakaenda kulitoa jeneza msikitini. Wanawake wakaingia uani na kilio, maana kahawa imeshanukia, ruhusa ipo. Mmoja akaanza kusimulia wema wa marehemu, wengine wakaitikia.

Kule ndani, Mzee ambaye hakuwa amesema neno siku nyingi akafumbua mdomo. "Mwantumu, nani amekufa?"

"Hakuna, baba."

Bi Hidaya akaingia chumbani, kanga kichwani, machozi mashavuni. Akamwona. "Mbaruku! Wewe si umekufa?"

"Mimi? Nani kakwambia?"

"Pua yangu!"

Mzee akavuta hewa. Akakunja uso. "Hiyo buni imeungua. Mnataka kunizika kwa buni iliyoungua?" Akaanza kucheka. Akacheka mpaka wakamshika. Akataka apelekwe uani, akakalishwa kwenye kigoda, akaimwaga ile, akakaanga nyingine kwa mkono wake, ya kila siku, kahawia. Waombolezaji wote wakanywa, na wale wa majembe pia. Aliyekuwa akimsifu akaombwa arudie tangu mwanzo, mwenyewe asikie.

Akala jioni ile. Akaishi mpaka mvua zikaja zikaisha. Kila siku walikaa naye wote watatu, na nadhani hizo ndizo zilizokuwa siku nzuri kuliko zote za ua ule. Kama nilivyosema, naona uchungu.

Kisha alfajiri moja akafariki kweli. Alifariki usingizini, dada yake Bi Mwanakheri akimshika mkono.

Wakamfunika. Wakatoka uani. Mwantumu akawasha moto, Kibwana akaleta buni, Shekue akaliosha kaango. Mpaka hapo hakuna aliyekosana na mwenzake. Kisha kila mmoja akanyoosha mkono kuuchukua mwiko.

Mwantumu akasema, "Huyu ni baba yangu. Mimi ndiye niliyekaa hapa mlipoondoka, nikakaa mlipozunguka. Macho yangu yamekuwa mekundu kwa moshi huu. Ujana wangu umeishia kwenye kaango hili. Mkinipa kigoda, moto utabaki pale pale ulipo, wazi, maadamu mtaani humu kuna mtu mwenye pua. Na siku ile nilipounguza, ni kwa sababu niliiacha buni nikamshika baba. Nani kati yenu angefanya vingine? Na kosa langu ndilo lililomwinua."

Kibwana akasema, "Dada, siwezi kukubishia hata neno. Lakini moto huo ulikuwa unakula buni ya nani? Nilitukanwa kwa kuondoka, na ni kuondoka kwangu kulikoleta magunia. Mjomba hakutaka kaango tu, alitaka kazi iishi. Mkinipa mimi, kuna vijana wa mtaa huu watakaokaanga buni mpaka wazeeke, na jina la Kisima cha Bibi litasomwa mbali. Kwa Bi Hidaya nilikosa, najua, na kosa hilo nitakuwa nalo mpaka nife. Bomba nimelikata."

Shekue akakohoa. Si mtu wa maneno mengi. "Mimi si damu," akasema. "Lakini niambieni, buni inakaangwa ili iweje? Inywewe. Dada ulikaanga, ndugu yangu ulileta, nani aliwapelekea watu kikombe mkononi? Wanywaji wote waliobaki ni mimi niliyewatafuta mmoja mmoja. Mahindi niliyachanganya, kweli. Niliyachanganya ili watu wasizoee kuishi bila sisi. Mkinipa mimi, kaango nalitia kwenye mkokoteni. Nitakaanga gereji, nitakaanga uwanjani, nitakaanga langoni hospitali, vijana waone moshi kwa macho yao. Kazi ikae uani ingoje watu? Watu hawaji tena."

Wakamgeukia Bi Mwanakheri, dada wa marehemu, mkubwa wao aliyebaki. "Shangazi, amua." "Mama, amua." "Bibi, amua."

Bi Mwanakheri akatikisa kichwa. Kibwana ni mwanawe wa kumzaa. Akimtaja, watasema ni damu. Akimwacha, atakuwa amemkana mwanawe mbele ya maiti. Mwantumu alilelewa naye tangu mama yake afe. Shekue ndiye aliyemzika mumewe kwa mikono yake. Na zaidi ya hayo, hawezi kufungua mdomo. Kanga imo kati ya meno yake, anaiuma, kilio cha ndugu yake wa pekee kimemjaa kifuani na hana ruhusa ya kukitoa.

Kumekucha. Ng'ambo ya ukuta mtaa unaamka. Muuza mikate anapita na kusalimia. Bi Hidaya anafagia mlangoni kwake, anaimba. Mtu aliyewaambia wote hawa juu ya wafu wao, miaka yote ile, amelala ndani amefunikwa, na hakuna anayejua. Hawatajua mpaka buni iwe nyeusi. Moto umekolea, kaango limepata moto, mwiko umelala juu ya kigoda, na mikono mitatu iko juu yake.

Nyinyi mnaonisikiliza, msiniangalie mimi, mwangalieni Bi Mwanakheri na kanga yake mdomoni. Semeni upesi. Je, nani alistahili kuushika?