Sanduku la Fundi Shekalaghe

Hapo zamani, wala si zamani ile ya fisi kuongea, maana umeme ulikuwepo na kukatika ulikuwa ukikatika, palikuwa na fundi aliyeitwa Shekalaghe. Kazi yake ilikuwa kuunda kibodi za kompyuta kwa kuagizwa, kila moja kwa kipimo cha vidole vya mteja. Mwenye vidole vizito alimwekea swichi ngumu chini ya vitufe. Mwenye vidole vya maumivu alimwekea swichi laini. Akasifika, akazeeka, akaugua.

Akamwita mkewe, Namkunda. Akamwambia, "Sanduku langu la zana usiligawe. Koleo bila kibano ni chuma chakavu, na kibano bila chuma cha kulehemu ni cha kung'olea ndevu. Mpe mtu mmoja. Kazi iliyobaki mezani ni kibodi ya Karani Mhina. Atakayeifanya iseme, sanduku ni lake."

"Na wengine je?"

"Watatafuta pengine."

Siku ya tatu wakamzika.

Sasa, karakana ile ilikuwa na desturi zake. Sanduku la fundi halifunguliwi na mkono mwingine. Ukitaka chombo unaomba, unapewa mkononi. Na anayekaza skrubu ya mwisho ndiye mwenye kazi, sifa ni yake na lawama ni yake.

Mafundi waliobaki walikuwa watatu, watu wazima wenye watoto wa kulisha: Semboja, dada mmoja jina lake Nakijwa, na Kihiyo. Naye Karani Mhina wa mahakamani, mkono wake wa kushoto ulikuwa umeliwa na mashine ya mkonge, kwa hiyo aliagiza kibodi ya mkono mmoja, vitufe arobaini tu, vyote vimesogezwa kulia.

Semboja akachonga kasha la mninga. Akapaka kila swichi mafuta kwa brashi nyembamba kama unyoya wa chiriku. Akazipachika kwenye ubao moja moja, taf, taf, taf, mpaka arobaini.

Nakijwa akapokea. Kila swichi ina miguu miwili inayotokeza nyuma ya ubao, na kila mguu unataka tone la lehemu iliyoyeyuka. Akatia tone, akapuliza. Akatia tone, akapuliza. Matone themanini, yote yanang'aa, hakuna lililomgusa jirani yake.

Kihiyo je? Kihiyo alipewa kazi ya kuvisha swichi kofia zenye herufi, na kuhesabu skrubu kwenye kisahani.

Kibodi huko haifungwi kabla ya kujaribiwa kwenye kompyuta. Wakataka kujaribu, umeme ukakatika.

"Tusubiri," Kihiyo akasema. "Kitufe hiki kimeinama kidogo. Kama mtu anayesikiliza mlangoni."

Semboja akacheka. "Umepewa kofia, umeanza kuona vichwa! Karani anakuja adhuhuri hii hii." Akakaza skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. "Imekwisha. Ya mwisho ni yangu, na mmeona."

"Skrubu haichapi barua, kaka," Nakijwa akamjibu. Wakaenda kula wao wawili, huku wakibishana njia nzima.

Namkunda alikuwa amekwenda kusaga mahindi. Aliporudi na unga kichwani, akakuta jiko la mkaa linawaka ndani ya karakana. Harufu ya lehemu ikampokea mlangoni, ile ile iliyokuwa kwenye mashati ya mumewe. Akatazama mezani. Sanduku lilikuwa wazi.

Aliyekuwa kando yake ni Kihiyo. Ameshika chuma cha kale cha kulehemu, chenye ncha ya shaba, kile ambacho marehemu alikuwa akikipasha mkaani kabla umeme haujafika mji ule.

"Kihiyo! Nani kakupa?"

"Hakuna, Mama. Tazama hapa kwanza."

Alikuwa amefungua kasha na kung'oa ile swichi iliyoinama. Mguu wake mmoja ulikuwa umejikunja chini ya tumbo, kama kuku aliyelala. Ulijikunja wakati wa kupachikwa, haukupita tunduni. Tone la Nakijwa lilikaa juu ya tundu tupu, zuri la kutazamwa, halikushika kitu. Kihiyo akaunyoosha mguu kwa kibano, akairudisha swichi, akatia matone mawili, akafunga kasha. Skrubu nne.

Wenzake wakarudi, umeme ukarudi, na Karani Mhina akaingia. Akaketi, akachapa barua nzima kwa mkono mmoja. Hakuna herufi iliyokosa. Akacheka hadi akafuta macho.

"Haya, nimshukuru nani?"

"Mimi," akasema Semboja.

"Mimi," akasema Nakijwa.

"Mimi," akasema Kihiyo, kwa sauti ndogo.

Namkunda akawaeleza aliyoyaona. Semboja akaruka. "Kasha ni langu, mafuta ni yangu, swichi nimepachika mimi! Skrubu ya mwisho nilikwisha kuikaza. Skrubu iliyoibwa haihesabiwi."

"Na mguu uliojikunja aliupachika nani?" Nakijwa akamuuliza. "Mama, kinachoifanya kibodi iseme ni lehemu. Matone themanini! Huyu katia mawili, anataka sanduku."

"Uliyatia hata pasipo na mguu, dada," Kihiyo akasema. "Mlipoondoka, ilikuwa bubu. Aliyeifanya iseme ni mimi."

"Kwa mkono wa wizi!" Semboja akadakia.

"Mama, ningekusubiri, mteja angefika kazi ikiwa mbovu."

"Sikukuuliza habari za mteja," Namkunda akamwambia. "Nimekuuliza habari za mfuniko wa sanduku. Arobaini ya marehemu bado, nawe umeshaufunua."

Kihiyo akainamisha kichwa.

"Karani, wewe ni mtu wa mahakama," Namkunda akasema. "Nisaidie."

"Mama Fundi, nimefuata kibodi, sikufuata kesi." Akaikumbatia kwa mkono wake mmoja, akatoka.

Namkunda akabaki na sanduku mapajani, vidole kwenye kitasa, na jozi tatu za macho zinamtazama. Msiniambie wagawane, marehemu alikataza. Msiniambie alikalie yeye, lehemu hajui kuiyeyusha. Mmoja atoke nalo, wawili watoke mikono mitupu. Haya, semeni nyinyi mliokuwa mkicheka: je, nani alistahili?