Neno Alilokwama Nalo Shemboza

Mto mkubwa haukatai kijito. Mmenisikia nikiisema, nanyi mnauliza nimeitoa wapi. Kaeni basi, wajukuu zangu. Methali hii ilipozaliwa nilikuwapo.

Tulikuwa watu wazima kumi na wanne katika darasa la jioni la Kiingereza, Korogwe. Mimi nilikuwa wa pili darasani, wala sijisifu bure. Mwalimu wetu, Bwana Mhina, alichukia kuchanganya lugha. Aliyechomeka Kiswahili ndani ya Kiingereza alivikwa kibao shingoni, na aliyevikwa mara tatu alifukuzwa.

Shemboza, fundi wa daraja la reli, alikwisha kuvikwa mara mbili. Bila cheti cha darasa lile asingepandishwa kuwa mnyapara. Jioni moja aliambiwa aeleze kazi yake kwa Kiingereza. Alianza vizuri, kisha akakwama, akasema "safari".

"Kibao!" tukapiga kelele. Mimi nilipiga kuliko wote.

Shemboza hakuinama. "Mwalimu, wazungu wa reli hulisema neno hili wao kwa wao. Tazama kamusi kwanza."

Mwalimu akafungua ile kamusi yake nene, inayoonyesha kila neno lilikotoka. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Limo," akasema polepole. "Wamelitoa kwetu."

"Na mengine je?" akauliza Shemboza.

Mwalimu akaanza kufunua kurasa, nasi tukamzunguka. Neno lao la kahawa wamelitoa kwa Waarabu. Shampuu, kwa Wahindi. Kechapu, inasemekana kwa Wachina. Sandwichi ni jina la bwana mkubwa mmoja wa kwao.

"Lo! Kumbe kila chai ya saa nne wanamtafuna mzee wa watu!" akasema Mama Kihiyo, muuza vitumbua, tukacheka mpaka benchi likalia.

Mwalimu hakucheka. "Miaka yote hii nimewafundisha kwamba Kiingereza ni maji yaliyochujwa."

"Mwalimu wangu," Shemboza akamwambia kwa upole, "mimi nashinda juu ya mto Pangani. Kila kijito kinachoteremka milimani kinaingia, na hakiulizwi ni cha nani. Mto mkubwa haukatai kijito."

Mwalimu akaifunga kamusi. "Endelea na maelezo yako, Bwana Shemboza."

Cheti alikipata, na unyapara pia. Nasi mwaka ule kila mmoja alijaza daftari zima kwa maneno na makwao. Langu ninalo hadi leo, halijachanika.

Mto mkubwa haukatai kijito, wajukuu zangu. Ungekataa, usingekuwa mkubwa.