Bi Nyevu na Vyungu Visivyorudi

Paukwa!
Pakawa!
Mpo?
Tupo!

Basi sogeeni, wadogo zangu. Ngano ya leo ina njaa ndani yake, lakini ina mama pia.

Zamani, zamani ile ambayo hata bibi wa bibi yangu alisimuliwa tu, kulikuwa na kijiji kilichonyimwa mvua. Mtama ukakauka. Mbuzi wakafa. Ukipita asubuhi, husikii kinu hata kimoja kikitwanga. Kimya. Kimya. Kimya.

Hapo aliishi mjane mfinyanzi, Bi Nyevu, na binti yake Mbeyu. Bi Nyevu alikuwa mtu wa watu. Hakupita mlango bila kupiga hodi. Alijua nani anaumwa goti, nani kaolewa ng'ambo ya kilima, mtoto wa nani kaota jino.

Siku moja shemeji yake, Chome, ndugu wa marehemu mumewe, alikuja akasimama uani.

"Shemeji, msafara wa wauza nafaka utapita mwezi ukiandama. Nimeshaongea na mkubwa wao. Mbeyu ataenda rehani, sisi tupate mtama."

"Rehani? Mwaka wa nzige walikwenda watoto wengi rehani. Nitajie aliyerudi."

Chome akatazama chini. "Unataka afie hapa?"

"Nataka uningoje mpaka mwezi uandame. Nitatafuta chakula mwenyewe."

"Kwa udongo?" Chome akacheka. "Haya, tupikie udongo tule!"

Bi Nyevu akashuka kwenye mto mkavu, akachimba mpaka akafikia udongo mbichi. Akaukanda. Twa! Twa! Twa! Akafinyanga vyungu, akavichoma. Akachuma mchunga porini, akaupika, akaupakua humo. Kisha akaenda nyumba kwa nyumba, zote zile zilizojipanga kando ya njia ya misafara.

"Hodi! Nimekuletea mboga kidogo. Chungu utanirudishia."

Mnajua desturi. Chombo cha jirani kikija na kitu, hakirudi kitupu. Ukikirudisha kitupu, umemtakia mwenye chombo ukiwa na kifo. Hiyo ndiyo ilikuwa biashara yake. Chungu kikarudi na konzi ya kunde. Kingine na muhogo mkavu. Kingine na yai. Yai akalibadilisha kwa chumvi, chumvi kwa mtama. Mbeyu akala.

Halafu vyungu vikaacha kurudi.

Akangoja leo, havikuja. Akangoja kesho, havikuja. Chome akapita akicheka.

"Watu wamemaliza mboga yako, shemeji. Sasa wanatafuna vyungu!"

Bi Nyevu akajifunga nguo kiunoni, akaenda kwa Mama Sidi.

"Hodi!"

Akatoka mtoto. "Mama amesema hayupo."

"Amesema akiwa wapi?"

"Chini ya ghala."

Mama Sidi akatambaa kutoka chini ya ghala, vumbi magotini, analia. "Usinione mwizi, dada. Chungu chako kile pale. Sina cha kukitia. Nitakirudishaje kitupu?"

Bi Nyevu akaketi. Akaitazama milango ya majirani. Yote imefungwa. Ndipo akaelewa. Kila mtu alikuwa anakufa peke yake ndani kwake, akiona haya. Na vyungu vyake yeye ndivyo vilivyoifunga milango ile.

"Kirudishe kitupu," akasema.

"Nitakuua!"

"Njaa itakutangulia. Kama huna kitu, nitilie unalolijua. Unajua nini nisichokijua mimi?"

Mama Sidi akafuta machozi. "Kaka yangu ametoka huko unakotoka msafara. Kisima chao cha njiani kimekauka. Watafika hapa na kiu ya kufa."

Bi Nyevu akaenda nyumba ya pili, kwa Mzee Mumba. Hodi!

"Pango la nyuki lina maji mpaka leo," mzee akasema. "Ila nyuki walimuua baba yangu, na tangu hapo hakuna anayekwenda."

Nyumba ya tatu, kwa Bi Kache, mjane wa mrina asali. Hodi!

"Nyuki?" Bi Kache akasema. "Hao nawafukuza kwa moshi. Huniulizi mambo magumu?"

Bi Nyevu akawakutanisha. Moshi ukafuka, nyuki wakaondoka, maji yakatekwa. Kila mwanamke akakaa mlangoni pake na chungu kimejaa.

Mwezi ukaandama. Msafara ukaja. Tu! Tu! Tu! Wapagazi midomo imepasuka. Nyuma yao watoto wa vijiji vingine, wamefungwa kamba moja.

"Maji!" mkubwa wa msafara akasema.

"Yapo. Lete mtama."

"Nitatoa mtama. Na binti yule nimeahidiwa na Chome." Akamshika Mbeyu mkono.

Bi Nyevu akainua chungu chake, akakiachia. Pa! Mchanga ukayanywa maji yote. Mama Sidi akainua chake juu. Bi Kache akainua. Mlango kwa mlango, mpaka mwisho wa njia, vyungu vikawa juu.

"Shemeji, una wazimu!" Chome akapiga kelele.

"Mwacheni mtoto," wapagazi wakalia. "Mkubwa, mwache!"

Mkubwa akamwachia Mbeyu. Mtama ukamiminwa, maji yakanywewa.

"Na hawa?" Bi Nyevu akauliza, akionyesha wale wa kamba.

"Hawa nimeshawatolea nafaka. Ukiomba tena, maji yaliyobaki nitayachukua kwa mkuki."

Bi Nyevu akaitazama mikuki. Akamtazama Mbeyu. Akawanywesha watoto wale mmoja mmoja, akamwuliza kila mmoja jina lake na jina la mama yake. Kisha wakaondoka. Tu. Tu. Tu.

Kijiji kikaishi. Maji yale yakawa biashara, na Bi Nyevu akajulikana mbali. Lakini hakuna msafara uliokunywa kwake bila kuulizwa: "Mmemwona Dama wa Mama Nzaro? Mmemwona Hinzano wa Mama Sanita?" Akazeeka akiuliza. Hakurudi hata mmoja. Alipozikwa, Mbeyu alikwenda akakaa mahali pale pale pa mama yake njiani, na msafara ulipofika akauliza, "Mmemwona Dama wa Mama Nzaro?"

Wadogo zangu, siku mkikosa msijifungie ndani. Fungueni mlango, mseme mnalolijua, huenda ndilo jirani analolitafuta. Na mkimwokoa mmoja, msiyasahau majina ya wale mlioshindwa kuwaokoa.

Hapo ndipo hadithi yangu inaposimama.