Ufito Ulioachwa Nyuma ya Mlango

Kwa miaka sita Mama Pacha alikuwa mwosha mashua katika klabu ya wavuvi kando ya bwawa. Wageni wakirudi kutoka majini, yeye huingia na ndoo, brashi na sabuni kali ya kutoa grisi, akasugua mpaka mashua zing'ae kama sahani mpya. Mashua ziling'aa, lakini mikono yake ilichakaa. Ngozi ya vidole ilikauka, ikapasukapasuka kama udongo wa kiangazi. Daktari wa zahanati aliigeuza mikono ile mara mbili tatu, kisha akamwambia bila kuzunguka mbuyu kwamba akiendelea na sabuni hiyo mwaka mmoja zaidi, hata kifungo cha shati kitamshinda kufunga.

Kwa hiyo siku lilipobandikwa tangazo kwamba klabu inatafuta mwongozaji mmoja wa wageni, Mama Pacha alilisoma mara nne, ndoo ikiwa bado mkononi. Mwongozaji haoshi mashua. Yeye huwapeleka wageni majini, akawaonyesha samaki walipo na kuwafundisha kurusha chambo. Aliandika jina lake kwa kalamu ya kuazima, akaondoka haraka kama mtu aliyeiba.

Waliochaguliwa kujaribiwa walikuwa watatu: mlinzi wa lango, dereva mmoja wa lori aliyechoka na safari ndefu, na yeye. Mtihani wenyewe ulikuwa mfupi. Jumamosi asubuhi kila mmoja angepanda mashua pamoja na msimamizi wake, na kabla ya saa nne awe amevua besi watatu. Besi ni samaki wa mdomo mpana, mkali na mjanja, apendaye kujibanza kwenye magugu ya majini.

Mama Pacha aliwajua besi kama alivyojua vyungu vya jikoni kwake. Jioni, kazi ikiisha, alizoea kusimama gatini na ufito wake wa kuvulia samaki, mwepesi, wa zamani, ambao kishikio chake kilikuwa kimeviringishwa utepe mweusi wa fundi umeme. Rili yake, kile kigurudumu cha kuviringishia uzi, ilikuwa ya kawaida, ile inayoning'inia chini ya ufito, ambayo uzi huchomoka wenyewe. Mrushaji huushika kwa kidole cha shahada, akauachia, basi. Kwa ufito huo aliweza kutua chambo pembeni ya jani alilolitaka huku akipiga soga.

Wasiwasi ulianza aliposikia kwamba mlinzi amejinunulia rili ya dramu. Hiyo hukaa juu ya ufito, na dramu yake huzunguka kwa kasi uzi unapotoka. Dole gumba ndilo breki yake: ukilikaza mno chambo hakiendi, ukililegeza mno dramu hukipita chambo mbio, na uzi hujisokota ukawa kama kiota cha ndege. Wageni wazoefu wote walitumia rili za namna hiyo.

Mdogo wake wa kiume, aliyeuza vifaa vya uvuvi mjini, alimjia Jumatatu na ufito wenye rili ya dramu mpya kabisa, nyekundu, ili amwazime. Hakuwa na nia mbaya. Alimweleza dada yake kwamba rili ya dramu hulenga vizuri kando ya magugu, na ina nguvu ya kumng'oa samaki mkubwa humo ndani. Yote hayo yalikuwa kweli. Kisha akasema jambo lililomchoma kuliko mwiba.

"Dada, ukienda na kile kiufito chako cha utepe watakuona mwosha mashua aliyekuja kujaribu bahati. Nenda kama mwongozaji."

Basi siku nne Mama Pacha alirusha kipande cha risasi badala ya chambo katika uwanja wa nyuma ya nyumba. Siku ya kwanza alitengeneza viota vya kutosha ndege wa mtaa mzima. Ya pili mambo yalipoa kidogo. Ya tatu uzi ulianza kumtii, lakini dramu ilimkwaruza dole gumba palepale ilipopasuka ngozi, damu ikatoka. Alifunga plasta akaendelea. Usiku hakulala vizuri.

Ijumaa mumewe, fundi wa magari mwenye maneno machache, alimkuta chumbani amelaza fito mbili kitandani, akizitazama kama mzazi aliyeambiwa achague mtoto mmoja. Akamuuliza upi ameuzoea. Mama Pacha akaonyesha wa utepe.

"Sasa unauliza nini tena?" mumewe akasema.

"Wewe hutachekwa. Mimi ndiye nitakayechekwa."

Mumewe akaketi kando yake. Alijua mkewe alivyokuwa akiitwa "wewe wa ndoo" na watu waliomwona kila siku kwa miaka sita bila kuuliza jina. Asubuhi Mama Pacha aliusimamisha ufito wa zamani nyuma ya mlango, akabeba ule wa rili nyekundu, akatoka.

Msimamizi wake alikuwa mkuu wa waongozaji, mzee ambaye watu walimwita Kimya kwa sababu aliongea kana kwamba maneno hukatwa kodi. Aliitazama rili nyekundu, akainua nyusi, akakaa sehemu ya nyuma ya mashua. Mama Pacha akahesabu nyusi zile kuwa sifa. Laiti angejua.

Alipiga kasia hadi kwenye ghuba ya magugu, mahali alipojua besi hulisha asubuhi. Maji yalikuwa yametulia, na mrusho wa kwanza ulikwenda vizuri mpaka akajishangaa. Mrusho wa tano samaki alikamata. Alikuwa mzuri, mnene, akamwingiza mashuani. Ikawa saa tatu kasorobo, amebakiza wawili. Alijiambia kwamba mdogo wake alikuwa sahihi.

Ndipo upepo ukageuka.

Ulitoka upande wa magugu ukampiga usoni. Akarusha. Chambo kiligonga upepo kikapunguza mwendo, lakini dramu haikupunguza. Na dole gumba, lililofungwa plasta, halikuhisi kitu. Uzi ukafura juu ya rili kama povu la sufuria. Akaketi, akaanza kufumua fundo kwa fundo, kucha zikiteleza. Robo saa ikaisha. Akarusha tena, safari hii akikaza mno, chambo kikaanguka hatua chache mbele ya mashua kama jiwe. Akabandua plasta ili apate kuhisi dramu. Mrusho uliofuata uzi ukaipitia ile ngozi iliyopasuka, akavuta kidole kwa maumivu, na dramu ikajizungukia yenyewe mpaka uzi ukajifunga hadi kwenye kiini chake.

Ghafla mbele yake, umbali usiozidi vyumba viwili, besi wakaanza kulisha. Maji yalipasuka hapa, yakapasuka pale. Migongo ya kijani ilionekana wazi. Mama Pacha aliinamia ule msokotano, jasho likimdondoka puani, akisikia kila mchupo kama mlango unaofungwa. Alivuta, akakata, akafunga upya. Alipoinua kichwa ghuba ilikuwa imetulia, na Kimya alikuwa akitazama saa yake: saa nne imefika.

Waliporudi gatini, dereva wa lori alikuwa amekwisha kufika na samaki wake watatu. Ufito wake ulikuwa wa kawaida, wa bei ya chini, na kwenye rili palikuwa na kutu. Hakuna aliyeucheka. Mlinzi alikuwa na wawili. Nafasi ikamwendea dereva, na Mama Pacha akampa mkono wa pongezi ule usiouma.

Watu walipotawanyika, Kimya alimfuata kwenye kibanda cha ndoo.

"Ule ufito wako wa jioni uko wapi?"

"Nyumbani, mzee."

Kimya akatikisa kichwa. "Miaka minne nimekuona ukirusha kwa ufito ule hapa gatini, upepo uwepo usiwepo. Mimi ndiye niliyeliingiza jina lako miongoni mwa watatu. Nilitaka wengine nao waone nilichokiona."

Mama Pacha akaishika ndoo yake. Akauliza tu kama kutatokea nafasi nyingine. Mzee akasema hajui. Huenda mwakani, huenda isitokee. Akaondoka polepole.

Jumapili alimrudishia mdogo wake rili nyekundu. Kijana wa watu alisikitika, akaahidi kumfundisha vizuri zaidi. Mama Pacha hakumlaumu. Alimwambia atajifunza, kwa nafasi yake, siku isiyo ya mtihani. Na Jumatatu alfajiri, daktari akiwa amemkataza na njia nyingine ikiwa haipo, aliitumbukiza tena mikono yake iliyopasuka katika maji ya sabuni, akauma meno.

Hakika, wahenga hawakukosea waliposema: usiache mbachao kwa msala upitao.