Mhoji Mwenye Kiingereza Safi

Chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kilitaka kila mwombaji arekodiwe akihojiwa kwa Kiingereza. Hapa Lushoto mhoji nilikuwa mimi, Mwalimu Mahimbo, niliyesoma Uingereza na sikumruhusu mtu asahau.

Akaja Shemdoe, bingwa wa hesabu ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Leo utajua hujui," nikasema, nikawasha kinasa sauti.

Kabla sijafungua tena kinywa, akaniuliza polepole kwa Kiingereza, sentensi moja aliyoikariri nyumbani, "Kwani kusoma ng'ambo kuna faida gani?"

Mimi niulizwe hivyo ninyamaze? Nikamwaga Kiingereza mpaka muda ukaisha, yeye akiitikia kwa kichwa tu.

Nilipozima, akanong'ona, "Mwalimu, maneno matamu hivyo yasipotumwa ni dhambi."

Nilivyolewa sifa, nikayatuma.

Wiki iliyofuata mtu wa chuo akapiga simu. "Yule mhoji wenu aliyeuliza swali ana Kiingereza safi kweli," akasema. "Na Shemdoe, aliyejibu, tumemkubali kwa mawazo yake. Ila lugha yake ni mbovu. Akifika tutamfundisha upya tangu mwanzo."

Nikakohoa kidogo, nikamshukuru kwa Kiswahili.