Lango la Pili la Zizi la Lushinge

Hebu tulieni, wanangu, mwone pamoja nami: asubuhi ya kiangazi, nyika imekauka hadi upeo wa macho, na katikati yake zizi kubwa lenye ua wa miiba uliopita kimo cha mtu. Tumbusi wametua juu ya migunga, nao hawaondoki. Ndani ya ua amepiga magoti binti mmoja, anaburuta matawi ya miiba kwa mikono mitupu, na damu inamchuruzika mpaka viwikoni.

Huyo ni Nkamba, binti wa Lushinge.

Katika zama za wahenga, kabla ukoo wetu haujapata jina, alizaliwa Lushinge mwana wa Gimbi, mwana wa Salawi aliyetoka magharibi akiswaga mtamba mmoja. Lushinge Kifua cha Mwamba, Mshika Simba kwa Taya. Ndiye aliyeing'oa migunga kwa mikono yake akausimamisha ua ule kwa siku moja, na wanyang'anyi wa mifugo walipokuja wengi kama nzige, alisimama langoni peke yake tangu macheo hadi machweo, wala hakupita hata mmoja.

Zizi lile lilikuwa na lango moja. Lango la pili hutobolewa siku mwenye zizi anapokufa, maiti yake ipitishwe hapo, kisha lizibwe. Ndiyo desturi, na kila mtoto aliijua.

Basi Lushinge alikuwa ameondoka siku tatu kutafuta malisho milimani, na nyuma yake wanawe wawili, Shigela mkubwa na Maduhu mdogo, hawakupatana. Chemchemi ilikuwa imebaki moja. Kundi lililotangulia lilikunywa maji, lililofuata lilikunywa tope, na ndama waliokunywa tope walikufa. Kwa hiyo kila asubuhi waligombea lango.

"Kaka, ng'ombe wako wanatembea kama bibi harusi!" Maduhu alicheka, akiwapitisha wake. "Wafundishe kwanza kuamka!"

"Wewe niliyekubeba mgongoni, leo unanizibia njia?"

"Basi ruka ua, kaka, kama una mbawa!"

Shigela alichukua shoka, akaukata ua upande wa chemchemi, akawaswaga ng'ombe wake mbio. Nkamba, aliyekuwa akikamua, alisikia matawi yakivunjika, na kibuyu cha maziwa kikamponyoka.

"Kaka! Baba yu hai!"

Vumbi tu ndilo lililobaki.

Ndipo alipoanza kuziba. Alitaka kitu kimoja tu: baba asilione pengo lile. Alirundika miiba, akafuta alama za kwato kwa upindo wa nguo yake, akarundika tena. Alipoinua macho, kivuli kikubwa kilikuwa kimemfunika. Baba alikuwa ameingia kwa lango lake.

"Acha, mama," alisema, maana ndivyo alivyomwita tangu utotoni.

"Ni upepo, baba. Upepo umeangusha ua."

"Upepo hauna kwato, mama."

Nkamba alimkumbatia miguu. "Nimeshaziba. Hakuna aliyeona."

Lushinge akaketi vumbini, akamng'oa miiba viganjani, mmoja mmoja, bila haraka. Kisha akasimama, akanena:

"Lango lililokanyagwa na kwato humdai mwenye zizi. Nisipopita mimi, litamchukua aliyelikata, na baada yake nduguye. Simba nilimzuia, na wanyang'anyi niliwazuia, lakini hili limefunguliwa kutoka ndani. Waambie wanangu wachunge kundi moja."

Mshika Simba akaitenga miiba ile, akapita, akaenda. Nkamba alimtazama mpaka akawa mdogo kama punje ya mtama, na tumbusi wakaruka mmoja baada ya mwingine kumfuata. Hakuonekana tena, wala mifupa yake.

Shigela na Maduhu walipoambiwa, walimtafuta hadi sauti zikawakauka; kisha wakaliziba pengo kwa mikono minne. Tangu siku hiyo, katika ukoo wa Lushinge, kila asubuhi ndugu mkubwa na ndugu mdogo huinua gogo la langoni pamoja, huyu ncha hii, huyu ncha ile, na ng'ombe wao hutoka wamechanganyika.

Nanyi, wanangu, nawaomba mkumbuke jambo moja tu: Shigela hakumchukia baba yake. Alikuwa na haraka, na ndama wake walikuwa na kiu.